Maswali Yenu: Tununue Roboti Nzima, au Tuanze na Mkono Mmoja?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: roboti zenye kichwa, mikono na miguu kama ya mtu, zinazoletwa mashuleni eti zifundishe sayansi na uhandisi. Nimechagua barua sita. Nilifundisha Fizikia hapa Kisumu hadi nikastaafu, na Jumamosi bado nakaa na wanafunzi kwenye klabu ya sayansi, mezani penye nyaya, gundi na vipande vya katoni. Majibu yangu yanatoka kwenye meza hiyo.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Bungoma. Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya shule ya sekondari msingi. Wakala alituletea roboti yenye umbo la mtu. Ilisalimia wazazi, ikacheza densi, ikataja sayari zote kwa mpangilio. Wazazi walishangilia sana. Sasa tunaambiwa tuchange, kila mzazi kiasi chake, ili tuinunue ifundishe Sayansi na somo la ufundi. Walimu wamegawanyika. Tushauri.
*Mwenyekiti wa bodi, Bungoma*

Ndugu mwenyekiti, msianze kuchanga. Mwiteni wakala arudi, na safari hii densi iwekwe kando. Mchukueni mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 8, yeyote, mumkalishe mbele ya kompyuta na mwalimu wenu wa Sayansi awe karibu naye. Kazi iwe ndogo: roboti iinue mkono wa kulia, ihesabu hadi tatu, kisha iushushe. Wakala anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, lakini asiguse kitu. Baada ya nusu saa mtakuwa mmeona mnachouziwa. Wakala akinyakua kompyuta afanye mwenyewe, au akisema kwamba programu haifunguliwi na mnunuzi, mshukuruni kwa kuja na mumsindikize hadi langoni. Roboti ambayo mtoto hawezi kuiamrisha jambo jipya itamfundisha yaleyale ambayo redio ya shule ingemfundisha kwa bei ya redio.

Nisieleweke vibaya, roboti nzuri zipo. Inayojulikana zaidi katika shule na vyuo duniani ni NAO, iliyoundwa na kampuni ya Aldebaran ya Ufaransa. Ina urefu wa sentimita 58, kilo tano na ushee, na viungo 25 vinavyojisogeza. Kuanzia 2008 ndiyo iliyochezeshwa kandanda kwa miaka mingi katika mojawapo ya ligi za mashindano ya roboti ya RoboCup, ikichukua nafasi ya AIBO, yule mbwa wa roboti wa Sony. Mwanafunzi anayeanza huipangia hatua kwa kuburuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari. Akikomaa, anaiandikia programu kwa lugha ya Python. Walioiunda walitaka ifunguliwe na wanafunzi, na hilo nawapongeza nalo.

Lakini mwaka 2025 Aldebaran ilifilisika, suala likafika mahakamani Ufaransa, na mali yake ikanunuliwa na kampuni ya China. Ikiwa kampuni yenye jina kubwa namna hiyo iliyumba, muulizeni wakala wenu maswali haya kwa maandishi. Goti likivunjika mwezi wa tatu baada ya kununua, nani atalitengeneza, akiwa mji gani, na kwa siku ngapi? Betri mpya inauzwa wapi? Programu inalipiwa mara moja au kila mwaka? Betri ya NAO yenyewe hudumu kati ya saa moja na saa moja na nusu, yaani vipindi viwili vya dakika arobaini vikibahatika. Shule yenye mikondo mitatu ya Gredi ya 8 itakuwa inachaji kuliko inavyofundisha.

Tupige hesabu ya bei pia. Kampuni ya Unitree ya China ilipoitangaza roboti yake G1 mwaka 2024, yenye kimo cha takriban mita 1.3, bei ya kuanzia ilikuwa dola 16,000. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi 2,064,000, kabla ya usafiri na ushuru. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Gawanya, na utapata mgao wa mwaka mzima wa wanafunzi 137. Na toleo hilo la bei ya kuanzia halikubali kuandikiwa programu na mnunuzi. Linalokubali, liitwalo EDU, ni ghali zaidi. Mzazi wa Bungoma anayeuza mahindi debe moja moja ili achange hana budi kuambiwa jambo hilo kabla hajafungua mfuko.

Mkiwa na hamu ya kuwaonyesha watoto roboti halisi, chuo kikuu cha Kibabii kiko hapo kwenu, na Masinde Muliro kiko Kakamega. Andikeni barua, ombeni siku ya kutembelea maabara zao, mpeleke basi moja la wanafunzi wenye maswali yaliyoandikwa tayari. Shule kadhaa jirani zikiungana zinaweza hata kumiliki roboti moja ya kuzungushwa, kila shule muhula wake. Ila kabla ya hapo walimu wenu wapate mafunzo. Hilo la mafunzo likikosa pesa, basi na la roboti lisubiri.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Sayansi Gredi ya 8 karibu na Ahero. Nina wanafunzi zaidi ya sitini, meza tatu, kabati moja. Maabara hatuna. Umeme upo ila mvua ikinyesha hukatika. Nasoma kwamba roboti za umbo la binadamu zinawafanya watoto wapende uhandisi. Kwa hali yangu, nianzie wapi?
*Mwalimu, Ahero*

Anza na mkono, mwenzangu. Mkono mmoja unatosha muhula mzima.

Waambie wanafunzi waweke kiganja juu ya katoni, wachore kukizunguka, wakate. Kila kidole kikunjwe mara tatu palepale kidole chao wenyewe kinapojikunja, na gumba mara mbili. Kata mirija ya soda vipande vifupi, ubandike kipande katikati ya kila mkunjo na mwingine, upande wa ndani wa kiganja. Pitisha mshipi wa kuvulia, ule ule wanaouza kwa wavuvi wa Dunga, kutoka ncha ya kidole hadi nyuma ya kifundo. Funga fundo kwenye ncha. Vuta. Kidole kinajikunja. Achilia, na kidole kinabaki kimejikunja, na hapo darasa litakuwa na swali: nani atakinyoosha? Usiwajibu upesi. Kuna atakayeleta mpira wa kufungia noti aubandike upande wa nyuma, na mwingine ataleta mshipi wa pili.

Wakati huo waambie washike mkono wao wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, kisha wachezeshe vidole vya mkono huohuo. Watahisi misuli ikitembea huko juu, mbali na vidole. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Kuna kano zinazovutwa kutoka mkono wa mbele. Hilo ni somo la Biolojia ambalo umelifundisha bila kuchora hata mstari mmoja ubaoni. Na wahandisi wa roboti wamefuata njia hiyohiyo. Mwaka 2012 mchongaji sanamu wa Ufaransa, Gaël Langevin, alianza kuchapisha bure mtandaoni michoro ya InMoov, roboti ya kimo cha mtu ambayo mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D, ile inayojenga vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka. Mota zinazokunja vidole vyake zimo kwenye mkono wa mbele, na zinavivuta kwa nyuzi. Mwanafunzi wako wa Ahero mwenye katoni na mshipi anafanya uhandisi uleule.

Sasa mota. Ile ndogo inayotumika zaidi ni ya sevo, yaani mota inayogeuka hadi pembe uliyoiamuru na kubaki hapo, iitwayo SG90, yenye uzito wa gramu 9, na inauzwa kwa bei ambayo klabu ya shule inaimudu. Maelezo yake yanasema nguvu yake ya kuzungusha ni 1.8 kg·cm (kilo mara sentimita) ikilishwa volti 4.8. Betri nne za kuchaji za volti 1.2 zinatoa 4.8 kamili, kwa hiyo mvua ya Ahero haitakusumbua. Usiipite tarakimu hiyo 1.8 haraka. Humo kuna kipindi kizima, nami nakipenda kuliko vyote.

Unganisha mota na kibao cha kuiamrisha, nitakachokieleza chini, kisha funga rula nyepesi kwenye mota ili iwe mkono. Pima gramu 100 za mchele wenu, utie ndani ya kipande cha soksi, uning'inize kwenye rula sentimita 10 kutoka kwenye mota. Kilo 0.1 mara sentimita 10 ni 1 kg·cm. Kabla ya kuwasha, kila kikundi kiandike ubashiri wake: itainua au itashindwa? Washa, inainua. Sogeza soksi hadi sentimita 20. Mchele ni uleule, mota ni ileile, lakini sasa kilo mara sentimita ni 2. Wabashiri tena, wabishane. Ukiwasha, mota inanguruma, rula inatetemeka, soksi haiondoki. Zima mara moja, maana ukiiacha inanguruma, giya za plastiki zitakatika meno au mota itaungua.

Baadaye waambie rula yenyewe nayo ina uzito. Ya gramu 20 na urefu wa sentimita 20 ina kitovu cha uzito kwenye sentimita 10, kwa hiyo inaongeza 0.2. Je, mchele uwekwe umbali gani ndipo mota ifike mwisho wa uwezo wake? 1.8 toa 0.2 ni 1.6, gawanya kwa 0.1, sentimita 16. Wajaribu. Kwa kawaida itashindwa mapema kidogo kuliko hesabu, kwa sababu betri zinachoka na tarakimu ya kiwandani ni ya mota mpya katika hali nzuri. Tofauti hiyo kati ya karatasi na meza ndiyo mwanzo wa uhandisi, na watoto wanastahili kuiona mapema. Kisha wageuze vipimo vyao viwe vya darasani: 1.8 kg·cm ni karibu 0.18 Nm (newtoni mara mita).

Ukishafika hapo, waonyeshe picha ya roboti yoyote ya umbo la binadamu na uwaulize kwa nini mafundi hupenda kuziweka mota nzito karibu na bega kuliko karibu na kiganja. Watakujibu wenyewe.

Ubongo wa kuendesha mota unaweza kuwa kibao cha Arduino, kilichoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, nacho kinatumika dunia nzima kwa sababu michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Huipelekea sevo mpigo wa umeme mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1 unaipeleka upande mmoja, wa milisekunde 2 upande wa pili, na wa katikati unaiweka katikati. Macho, ukitaka, ni kihisi cha mwangwi kinachotoa sauti ya kilohezi 40 ambayo sikio halisikii, na kupima muda unaochukua kurudi. Hapo pia kuna hesabu ya hali ya hewa yenu: mwendo wa sauti ni kama 331 jumlisha 0.6 mara nyuzijoto. Kwa nyuzi 30 adhuhuri ya Ahero, ni 349 mita kwa sekunde. Programu nyingi za kunakili mtandaoni hutumia 343, ya nyuzi 20. Mwangwi wa milisekunde 6, kwenda na kurudi, ukigawanya kwa mbili unakupa sentimita 104.7 kwa hesabu yenu na 102.9 kwa hesabu yao. Mwanafunzi anayegundua kwamba nambari iliyonakiliwa haifai mahali anapoishi, huyo mshike vizuri.

Wanafunzi sitini wagawe vikundi kumi. Mikono kumi ya katoni haihitaji umeme. Mota mbili na kibao kimoja vizunguke kutoka kikundi hadi kikundi, na wanaosubiri wapige hesabu ya umbali.

Na usidhani mkono ni kitu cha kuchezea tu. Mhandisi Mkenya Roy Allela alitengeneza glavu ziitwazo Sign-IO, zenye kihisi cha kupinda kwenye kila kidole. Kidole kikijikunja, ukinzani wa umeme unabadilika, glavu inasoma ishara ya lugha ya ishara na kuituma kwa simu, nayo simu inaitamka. Zilijaribiwa katika shule ya watoto wenye mahitaji maalum huko Migori. Kutoka mkono wa katoni wa Ahero hadi glavu za Migori si mbali.

Madam, binti yangu yuko Gredi ya 6 katika shule ya kibinafsi Nakuru. Tumeambiwa mwakani roboti itasaidia kufundisha Hisabati na Sayansi. Nina hofu mbili. Mwalimu wake tunayempenda ataachishwa kazi? Na ile kamera kichwani, inamrekodi mtoto wangu?
*Mama wa Gredi ya 6, Nakuru*

Mama, hofu ya kwanza naweza kuipunguza. Ya pili uishike.

Huko Tampere, Finland, mwaka 2018 shule moja ya msingi ilijaribu roboti ya NAO iliyopewa jina Elias kufundisha lugha, na nyingine ndogo za Hisabati. Walimu walibaki darasani. Japani ilikuwa imemleta Saya mwaka 2009, roboti yenye uso wa mwanamke, ikaita majina ya wanafunzi na kuwataka watulie, lakini aliyekuwa akiiendesha kwa mbali ni binadamu. Mwaka 2018 pia, Tony Belpaeme na wenzake walichapisha katika jarida la Science Robotics mapitio ya tafiti nyingi za roboti katika elimu. Waliona kwamba kwa jambo dogo lililowekewa mipaka, roboti inaweza kumsaidia mtoto karibu sawa na mkufunzi binadamu, na kwamba kuwepo kwake kimwili mbele ya mtoto huleta faida kuliko kuonekana kwenye skrini. Nayaamini hayo, kwa sababu nimeona mtoto mnyamavu akikubali kurudia jedwali la saba mbele ya mashine bila aibu ya kuchekwa. Ila jambo dogo lililowekewa mipaka si somo la Sayansi la mwaka mzima. Roboti haitajua kwamba binti yako yuko kimya leo kwa sababu hakuelewa sehemu, au kwa sababu jana mlikuwa na msiba.

Kuna pia suala la masikio. Watoto wa Nakuru wanaongea Kiingereza chao na Kiswahili chao, wakati mwingine ndani ya sentensi moja, na Kiswahili hakimo kati ya lugha ambazo NAO ilitoka nazo kiwandani. Ombeni muone roboti ikiwasikiliza wanafunzi wenu darasani penye kelele, mvua ikipiga mabati.

Kuhusu kamera, sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kuchakatwa, na picha na sauti yake ni data. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Andikia shule barua, weka nakala: roboti inarekodi nini, rekodi zinakaa ndani yake au zinapelekwa kwenye kompyuta za kampuni nchi nyingine, nani anazifungua, na zitafutwa lini. Una haki ya kukataa, na shule impangie binti yako njia nyingine ya kujifunza bila kumwaibisha.

Hujambo Mwalimu? Niko Gredi ya 9 Kakamega. Nataka kuwa mhandisi wa roboti. Kwenye klabu yetu wavulana ndio wanaoshika vifaa, sisi wasichana tunaambiwa tuandike ripoti na kupamba bango. Pia nisaidie: Gredi ya 10 nichague masomo gani?
*Msichana mwenye nia, Kakamega*

Sijambo, binti yangu, na barua yako nimeisoma mara mbili.

Mwonyeshe mlezi wa klabu ukurasa huu. Mwalimu, zamu ziandikwe ukutani: leo nani anaunganisha nyaya, nani anaandika programu, nani anapima, nani anaandika ripoti, na wiki ijayo wabadilishane wote. Anayekataa kuandika ripoti asiguse mota. Hili silisemi kwa upole, kwa sababu nimeshuhudia wasichana wenye vichwa vikali wakimaliza shule na mwandiko mzuri wa mabango.

Na wewe ujue una dada zako waliokutangulia. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa kupata msaada, wakaenda nayo Marekani kwenye mashindano ya Technovation. Walilelewa na kituo cha LakeHub hapahapa Kisumu. Mwaka 2019 walikuwa kati ya walioteuliwa kuwania tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Walikuwa wanafunzi wa sekondari tu, wenye sare kama yako.

Kuhusu masomo, chagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, katika sekondari pevu. Hisabati usiiache. Chukua Fizikia, kisha Kompyuta kama shule yako inaitoa, na Kemia kwa sababu kozi nyingi za uhandisi vyuoni huiulizia. Kozi inayounganisha mitambo, umeme na programu inaitwa mekatroniki. Vyuo vikuu vya JKUAT kule Juja na Dedan Kimathi kule Nyeri vinaifundisha. Masinde Muliro, mjini kwenu, wanafundisha uhandisi wa mitambo na wa umeme, na njia hizo mbili pia zinafika kwenye roboti. Likizo hii jifunze Python kidogo kidogo. Ukikosa kompyuta, andika programu kwenye daftari na uifuate mstari kwa mstari kwa kalamu. Wengi wetu tulijifunza hivyo.

Mwalimu, kwa nini roboti hutembea ikiwa imekunja magoti kama mzee?
*Mwanafunzi wa Gredi ya 7, Migori*

Simama kando ya ukuta, ubavu wa mguu wa kulia na bega la kulia viguse ukuta. Sasa inua mguu wa kushoto. Huwezi, au utaanguka. Ili uinue mguu mmoja, mwili wako lazima kwanza uegemee upande wa pili, ili kitovu cha uzito kiwe juu ya unyayo unaobaki chini, na ukuta umekuzuia kuegemea.

Roboti ina tatizo hilo kila hatua. Mwanasayansi wa Yugoslavia, Miomir Vukobratović, aliweka hesabu yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: kuna nukta ardhini ambayo ikibaki ndani ya unyayo, roboti haipinduki. Kompyuta huitafuta nukta hiyo muda wote na kurekebisha viungo. Goti likinyooka kabisa, mguu hauwezi kurefuka tena, kwa hiyo roboti inakosa nafasi ya kujirekebisha. Likikunjwa kidogo, kuna nafasi ya kupanda na kushuka. Gharama yake ni kwamba mota za magoti hubeba mzigo bila kupumzika na hupata joto. Jaribu kusimama na magoti yamekunjwa kipindi kizima cha Hisabati, paja lako litakueleza yaliyobaki.

Madam, mimi ni fundi wa redio na simu Kibuye. Shule jirani imeniomba niwasaidie watoto wa klabu ya roboti Jumamosi. Sina cheti chochote. Naogopa kuwapotosha watoto wa watu. Niende?
*Fundi, Kibuye, Kisumu*

Nenda, ndugu yangu. Unajua kuchomelea waya kwa risasi bila kuunguza kibao, unajua kutafuta hitilafu hatua kwa hatua kwa mita ya kupimia umeme, na walimu wengi hawajapata nafasi ya kujifunza hayo. Mwalimu atashughulikia fomula, wewe shughulikia mikono. Mkae mezani pamoja.

Beba printa mbovu. Ndani yake kuna mota za hatua, mikanda, vyuma vilivyonyooka na giya, vitu ambavyo shule ingenunua kwa bei kubwa. Watoto wazifungue wenyewe, kila skrubu iwekwe kwenye kifuniko cha chupa na kuandikiwa ilikotoka. Kikasha cha umeme cha kompyuta ya zamani kinafaa kuendeshea mota nyingi: waya mwekundu ni volti 5, wa manjano volti 12, mweusi ni hasi. Lakini kikasha hicho kisifunguliwe na mtoto hata kikiwa kimechomolewa. Kapasita zilizomo zinaweza kubaki na volti mia tatu na zaidi, nawe umeshawahi kuona kazi yake.

Betri za laputopu kuukuu ziache kibandani kwanza. Siku utakayozileta, pima kila seli mbele ya watoto. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 isichajiwe tena, iliyovimba isiguswe, na hakuna inayopitishwa volti 4.2. Wafundishe kusoma mita kabla hawajashika waya. Na mwambie mwalimu mkuu akulipe nauli na chakula cha mchana kwenye bajeti ya klabu. Hiyo ni kazi, iandikwe hivyo.